Mchwa wa Mgongoni Mwangu

Mtoto wa Sironka alishindwa kujua anisalimie vipi. Alisimama mlangoni, miguu imejaa matope ya njiani, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole, halafu akamgeukia baba yake. Kwetu Nasira mtoto humwinamishia mkubwa kichwa ili aguswe utosini, na watoto kwa watoto husukumana mabega wakacheka. Hapo kila mtu anajua mahali pake. Lakini mtoto huyu wa miaka sita alikuwa amenifikia kifuani, nami nilikuwa nimevaa shuka fupi la wachunga ndama, na njiani alikuwa ameambiwa kwamba wanakwenda kumwona mtu aliyezaliwa mwaka mmoja na baba yake.

"Baba, huyu ni mkubwa au ni mwenzangu?"

"Huyu ni Koinet," Sironka akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Koinet kwa Kimaa ni mtu mrefu. Mama alinipa jina hilo nikiwa mchanga kwa sababu ya miguu yangu, na nadhani Mungu bado analicheka. Nina miaka ishirini na minne. Mwili wangu ulisimama kwenye kumi na mmoja na haujasogea. Sauti yangu ni ile ile niliyokuwa nikiitia ndama nilipokuwa mtoto, na bado ninaitia ndama kwa sauti hiyo hiyo, kwa hiyo angalau ndama hawana malalamiko.

Mtoto alisalimika kwa kujificha nyuma ya baba yake. Mimi sikuwa na pa kujificha. Kwa mila, na siku hizi kwa sheria pia, mtu asiye na rika ni mtoto, na mtoto huinamisha kichwa. Sironka aliinua mkono, ukasimama hewani, akaupeleka kwenye sikio lake akajikuna. Nilimwonea huruma nikainama mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa kizito na cha moto. Nilitamani akiache utosini pangu kidogo zaidi, na kutamani huko kulinitia aibu.

"Karibu ndani, mkubwa," nikamwambia.

"Acha hizo, Koinet."

"Nani kaanza?"

Akacheka kile kicheko chake cha zamani, ila sasa kilitoka chini kabisa kifuani. Utotoni sisi wawili tulipanda pamoja nguzo za nyavu zinazokamata ukungu kule juu mlimani. Yeye alishuka kwa miguu. Mimi nilishuka kwa mgongo, na pingili tatu za uti wangu zikawa unga.

Mama aliingia na kibuyu cha maziwa. Aliweka mbele ya Sironka, akageuza uso, akatoka nje, kwa sababu mtu wa rika haonwi na mwanamke wa umri wa mama yake akinywa maziwa. Muda si muda akarudi na vikombe viwili vidogo, kimoja cha mgeni wetu mdogo na kimoja changu. Hapo hakugeuza uso. Alisimama mbele yetu, mikono kiunoni, akisubiri tumalize.

Tulikunywa, mimi na mtoto. Sironka hakugusa kibuyu chake. Mtu wa rika hanywi maziwa peke yake pia, hunywa na wenzake, na mle ndani hakuwa na mwenzake. Alitazama ukuta. Mtoto akamaliza, akaniona nina povu jeupe juu ya mdomo kama lake, akafurahi mno.

"Kumbe ni mwenzangu!" akasema.

Mama alichukua vikombe akaenda kuviosha. Sironka alisubiri mpaka akasikia maji yanamwagika huko nyuma, ndipo akasema lililomleta.

"Lango la rika letu linafungwa masika yajayo. Baraza limeshatangaza."

Nilijua lingefungwa siku moja, kama mtu anavyojua kwamba atakufa. Rika letu lilifunguliwa tukiwa na miaka kumi na minne. Nilikuwepo siku Sironka alipoingia, nimeshika kamba ya ndama. Vijana huingizwa katika nyumba ya giza pale langoni, mmoja mmoja huita jina lake, na mama zao husimama nje. Mama akiitambua sauti ya mwanawe, husema "huyu ni wangu," na kijana hurudi nyumbani kukua. Asipoitambua husema "simjui huyu," na hapo watu wote hupiga vigelegele, kwa kuwa mtoto wake amekwisha na mtu mwingine amezaliwa. Mama yake Sironka alilisema neno hilo huku analia na kucheka. Hata mimi sikuitambua ile sauti. Nilidhani ni ya mjomba wake.

"Likifungwa nitasubiri rika lingine," nikasema. "Nitaingia na huyu mwanao. Nianze mapema kukuheshimu, baba?"

"Usinitanie kwa hili." Aliinama karibu. "Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kitanda chako kipo pale kambini kwa rika. Tangu mwanzo. Mtu akitaka kuweka hata shuka juu yake tunamfukuza. Mwaka mzima umebaki, Koinet. Sauti yangu ilivunjika kati ya mvua mbili tu. Kamuulize Daktari."

Walipoondoka, mtoto aligeuka mara nyingi kunipungia mkono. Alitaka kujua nitakuja lini kucheza kwao.

*

Kwenda hospitali ya bonde la chini kunahitaji kupanda kapu linaloteleza kwenye waya. Kila nikiingia, kapu hunipima kwa jicho lake na kusema, kwa sauti ya upole inayoudhi: "Mtoto, mzazi wako yuko wapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa adabu. Siku ile nilisema ameenda kunitafutia miaka yangu. Kapu likafikiri, likashuka.

Daktari Mbonde alinitibu tangu siku ya kwanza. Ni mtu wa mashariki, mwembamba, mwenye miwani anayoisahau kichwani halafu akaitafuta mezani. Ndiye mtu pekee duniani anayeniita Bwana Koinet. Nilikuwa nampenda kwa hilo peke yake.

Nililala kifudifudi juu ya meza baridi, na uti wa mgongo wangu ukatokea hewani mbele yetu, mkubwa kuliko mimi mwenyewe. Mfupa ulikuwa mweupe. Palipobaki jiwe palikuwa na rangi ya kijani.

Nilipoletwa hapo mtoto, miguu haina habari na mimi, Daktari alinieleza kwa lugha ambayo mpaka leo sijapata iliyo bora. Alisema: tumekuwekea jiwe lililookwa kwa chumvi zile zile za mfupa, lenye matundu kama mkate. Jiwe si lako, na mwili haupendi kisicho chake, kwa hiyo utatuma seli za kinga zikalile. Hizo seli walaji tuziite mchwa. Mchwa watalila jiwe punje kwa punje, na nyuma yao watakuja waashi, seli za kujenga, kila panapoliwa waweke mfupa wako mwenyewe. Siku moja jiwe litakwisha na hutajua lilikuwa wapi. Mchwa wakila kwa pupa, waashi watakuta shimo na mgongo utabonyea. Mchwa wakisinzia, waashi hawana pa kujenga. Kazi yote iko kwenye mwendo.

Na mwendo, alisema, haupangwi na sisi. Unapangwa na homoni.

Hapo ndipo miaka yangu ilipopotelea. Katika damu ya mtoto mchwa hula kwa kiasi. Homoni za utu uzima zikifika, huwaimbia mchwa wakalala. Kwa mfupa wa kawaida hilo ni jema, maana hauliwi ovyo. Kwa mfupa ulio nusu jiwe ni balaa, kwa kuwa jiwe lililobaki hubaki jiwe, na jiwe halipindi, hupasuka. Likipasuka mahali pale, miguu inakwenda tena, na safari hiyo hairudi. Basi wakanipa matone ya bluu, kila mwezi mwandamo, ya kuuzuia utu uzima mlangoni mpaka mchwa wamalize. Ilisemwa ni miaka mitatu. Mama alikubali, na nani angekataa? Mimi mwenyewe nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeona vidole vyangu vya miguu vikitikisika tena.

"Limebaki kama punje ya hindi," Daktari alisema sasa, akilizungusha lile doa la kijani.

"Mara ya mwisho ulisema kama harage."

"Ndiyo. Harage dogo."

"Miaka mitatu, Daktari, kutoka harage mpaka hindi. Hawa mchwa wangu wanalipwa kwa siku?"

Hakucheka. Alivuta miwani, akaivaa, akaniomba nikae. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mwaka wa ukame mkubwa, ulikuwa unaishi wapi?"

Nilimwambia. Mwaka ule malisho yote yalikauka isipokuwa ya bonde letu, na kambi ya rika ikahamia karibu na boma. Sikuwa wa rika, lakini nilikuwa naenda pale kila siku na nzi wa chuma wangu, wale wanaoruka juu ya ndama na kuwazuia wasipotee, na wenzangu walinifanya niwe fundi wa nzi wao wote. Tulitaniana toka asubuhi. Sironka alinibeba begani kuvuka mto. Ndio mwaka nilioacha kujitazama kivuli.

"Mwaka ule jiwe lililiwa kuliko miaka mitatu hii yote," Daktari alisema. "Mvua ziliponyesha likasimama."

"Walihama."

"Najua walihama. Kuna homoni nyingine, Bwana Koinet. Mwili huimwaga ukiwa katika dhiki. Ukikimbizwa na simba, inakuokoa. Ukiishi nayo kila siku, inawapumbaza mchwa na kuwanyang'anya waashi mwiko. Mtu mpweke damu yake imejaa hiyo. Dawa yangu inakuweka utotoni. Utoto unakutenga na wenzako. Kutengwa kunachelewesha jiwe, na jiwe likichelewa tunakuongezea dawa."

Nilisikia vizuri kila neno, lakini nilihisi kama anamsema mtu wa chumba cha pili.

"Umelijua hili lini?"

"Tulianza kulishuku zamani. Tulipokuwa na uhakika nilisema tuache, nilisema hatari imekuwa ndogo kuliko madhara. Lilikuwa harage, kweli, lakini lilikaa mahali pazuri. Kama nilivyomweleza mama yako wakati ule."

"Wakati upi?"

Daktari Mbonde aliniangalia, na nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani akaogopa kutazama chini.

"Hakukuambia?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ningeweza kuanza safari ya langoni mtoto wa Sironka akiwa na miaka mitatu tu. Mama alisikiliza yote, akauliza kama kuna uhakika kwamba sitaanguka. Daktari akasema hakuna daktari mwenye uhakika huo. Mama akasema basi tuendelee.

"Na mimi?" niliuliza. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Chumba cha nje. Unasubiri."

"Ulikuwa unaniita Bwana Koinet."

"Sheria inasema asiye na rika husemewa na mzazi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliitii. Nilijiambia ni heshima kwa mila yenu. Nadhani ilikuwa woga." Akavua miwani. "Na bado siwezi kukuahidi. Ukiacha leo, lile hindi litabaki humo pengine maisha yako yote. Ukibeba mzigo vibaya, ukianguka vibaya, linaweza kupasuka. Ukiendelea miaka miwili tena, pengine litakwisha, pengine halitakwisha. Lango lenu nalo litakuwa limefungwa. Nikiwa wewe sijui ningefanya nini. Lakini aliyekatazwa kuamua si mimi, ni wewe, na neno la kuacha bado linatoka kwa mama yako."

Niliteremka mezani. Miguu yangu ilinibeba mpaka mlangoni, na nilikumbuka kwamba hiyo nayo ni kazi yake. Nilishindwa kumchukia kama nilivyotaka.

*

Mama, ninayemwita Yeyo kwa Kimaa, alikuwa anakamua nilipofika. Ana ng'ombe mmoja asiyekubali mashine, mweusi mwenye baka jeupe, na nadhani anamweka kwa sababu hiyo tu, apate mtu wa kusema naye asubuhi na jioni. Baba alifia kwenye migodi ya kaskazini nikiwa bado natambaa. Tangu hapo tumekuwa mimi, mama, na wanyama.

"Daktari anasemaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Anasema alikuambia uache dawa nikiwa na miaka ishirini na mmoja."

Maziwa yaliendelea kugonga kibuyu, kisha yakasimama. Ng'ombe aligeuza shingo kutazama kuna nini.

Kuna watu hukana, kuna watu hulia. Mama yangu alifuta mikono kwenye shuka lake na kusema, "Ndiyo. Aliniambia."

"Yeyo, kwa nini?"

"Umewahi kubeba mtoto wa miaka kumi na mmoja asiyehisi miguu? Nilikushusha kutoka kule nyavuni mgongoni mwangu. Miguu yako ilikuwa inanigonga hapa, na hapa, kila hatua, na wewe unaniuliza, Yeyo, hiyo miguu ni ya nani? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, Koinet. Halafu daktari ananiambia hatari ni ndogo. Ndogo kwa nani?"

"Ungeniuliza mimi."

"Ungesema ndiyo."

"Basi ndilo lingekuwa jibu!"

Sauti yangu ilipanda ikawa nyembamba kama ya filimbi, na nikajichukia. Mtu mzima akikasirika watu hunyamaza. Mimi nikikasirika hufanana na mtoto aliyenyimwa asali. Mama aliniangalia na nikaona tabasamu dogo linataka kumtoka, la upendo kabisa, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

"Umenifungia," nikasema. "Wenzangu wameoa. Wamejenga. Sironka ana mtoto anayetaka nikacheze kwao. Naenda mnadani naulizwa nimetumwa na nani. Nikisema neno barazani wanasubiri niondoke ndipo waendelee. Unajua nina upweke gani? Mpaka mchwa wa mgongoni wanaujua. Wameacha kula kwa ajili yake."

Hapo ndipo alipokaa chini, juu ya kigoda chake, ghafla, kana kwamba aliyepoteza miguu ni yeye.

"Unadhani siujui upweke?" alisema. "Mtu wa rika huhamia kambini. Harudi kulala kwa mama yake. Huja mchana, nikamwekea kibuyu, nikatoka nje nisimwone anakunywa. Nilimwona Sironka juzi anakaa kwenye nyumba yangu kama mgeni wa baraza. Akiwa mtoto, kucha nilimkata mimi." Alivuta pumzi. "Siku ile kwa daktari niliogopa mgongo wako. Hiyo ni kweli. Lakini njiani kurudi, kwenye lile kapu, ulilala begani kwangu, na nilijiambia, miaka mitatu mingine ninaye. Nilifurahi. Nimelificha hilo kuliko yote. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikutaka kulia, nikakupa wewe ulie."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli sikuwa nimejiandaa. Nilisimama pale na hasira yangu mkononi kama mtu aliyeleta fimbo msibani.

Kwa sababu nilimwona vizuri sasa. Hana ndugu bonde hili. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya kilima. Asubuhi husema na ng'ombe, mchana husema nami, jioni hunitazama nikinywa maziwa, na hiyo ndiyo saa yake nzuri ya siku, nilijua hivyo tangu zamani bila kujiambia. Nikiacha dawa, nitamwachia ng'ombe peke yake. Nikiendelea, nitabaki naye, tutazeeka pamoja, mama na mtoto wake wa miaka kumi na mmoja mwenye mvi. Mmoja wetu lazima aipokee hiyo nyumba tupu. Na mimi nilikuwa naogopa pia, sitaki kudanganya. Usiku wa ndoto mbaya bado huota ile miguu isiyo ya mtu.

"Nataka niache, Yeyo," nilisema. Safari hii niliisema taratibu, isije ikapanda. "Naogopa, lakini nataka. Nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi."

"Na nikikataa?"

"Utakataa. Una haki hiyo. Utaniwekea matone kwenye maziwa na nitakunywa, kwa sababu mimi si mwizi na wewe si adui yangu. Ila utakuwa unajua unayempa ni nani."

Alishika chuchu ya ng'ombe akaanza tena kukamua, lakini vidole vyake vilikosa mahali, na maziwa ya kwanza yalikwenda kwenye vumbi.

*

Zikapita siku. Aliniita kula, nilimwitikia, tulizungumza habari za ndama mmoja mwenye kuhara. Tulipishana mlangoni kwa adabu nyingi kama watu waliopangiwa chumba kimoja na serikali. Nilizunguka malishoni na nzi wangu wa chuma na kila nilipoinama nilisikia, au nilijifanya kusikia, lile hindi likikaa mahali pake. Nilianza kulizoea. Nikajiambia kuna watu hubeba mabaya zaidi na hawajui yako wapi.

Sironka hakuja. Sikutegemea aje. Nilikuwa nimemwomba asije mpaka nimwite, kwa kuwa nilitaka jambo hili limalizwe na waliolianza.

Mwezi ukaandama. Niliuona juu ya mlima jioni ile nikirudisha ndama, mwembamba kama kucha, nikajua ni siku ya dawa. Niliwafungia ndama, nikanawa, nikaingia nikakaa mahali pangu karibu na jiko. Mama alikuwa ananipa mgongo, anashughulika na kichupa pale juu ya rafu. Nilisikia kizibo kikifunguliwa. Nilisikia kikifungwa. Katikati ya sauti hizo mbili nilikaza macho kwenye moto nisione mkono wake.

Aligeuka, akaja.

Safari hii hakuwa na kikombe. Alileta kibuyu, kile cha wageni, kilichofukizwa kwa moshi wa mzeituni, anachowawekea watu wa rika. Alikiweka chini mbele yangu kwa mikono miwili. Nilichungulia. Matone yakiingia kwenye maziwa huacha mistari ya bluu inayochelewa kupotea. Nimeitazama tangu utotoni, ningeijua hata usingizini. Maziwa yalikuwa meupe mpaka chini.

Niliinua kichwa nimshukuru. Sikumkuta. Alikuwa amekwisha geuza uso, anajifunga shuka lake vizuri kichwani kama mtu anayekwenda mbali. Alifika mlangoni, akainama, akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake pole pole mpaka ukagusa kizingiti.

Nilibaki na kibuyu. Nje upepo wa mlimani ulikuwa umeanza, ule wa baridi, na nilisikia kwamba hakwenda mbali. Alikuwa amesimama pale pale, upande wa pili wa mbao. Tangu nizaliwe sikuwahi kunywa maziwa katika nyumba ile bila macho yake. Niliyatazama nikashindwa kuyainua. Mtu hanywi peke yake, na mimi nilikuwa peke yangu kuliko siku zote, na baridi ilikuwa kali, na mama yangu hakuvaa viatu. Nilimwonea huruma, nikajionea mwenyewe. Nilitaka aingie, akae, anitazame mara moja ya mwisho, halafu kesho ndiyo tuanze.

"Yeyo!" niliita.

Ilitoka ile ile, nyembamba, ya mtoto mchunga ndama. Hakuna mama duniani ambaye asingeitambua.

Upepo ukapita. Kisha nikamsikia, karibu sana na mlango, sauti yake inatetemeka lakini anaisukuma ili ifike:

"Simjui huyu," alisema.